Betri za mashine ya kutafutia dhahabu: mwongozo kamili, kuanzia dukani hadi porini

Msimu wangu wa kwanza na detekta, Chunya, nilipoteza karibu wiki nzima nikigombana na udongo. Asubuhi mashine ilikuwa inatulia vizuri. Ikifika saa saba mchana inaanza kulia ovyo, inakata sauti, inanyamaza, inalia tena. Nikasema ni ardhi. Ukanda wa Lupa una mawe mengi yenye chuma, na kila mgeni huambiwa hivyo siku ya kwanza. Nikapunguza usikivu wa mashine kidogo kidogo mpaka ikawa haioni hata risasi ya gobore iliyolala juu ya nyasi.

Mzee mmoja tuliyekuwa naye kambini ndiye aliyeniomba nizitoe betri. Akaziweka moja moja juu ya mizani yake ya dhahabu, akanitazama. "Mwanangu, hizi nyepesi. Ndani hamna kitu." Zilikuwa zimeandikwa alkali, lakini kila moja ilipima gramu 15 na kidogo. Alkali ya kweli ya ukubwa ule hupima kama gramu 23. Tangu siku ile sinunui betri bila kuzipima, na nimeandika mwongozo huu kwa sababu kila mwezi nakutana na kijana anayelaumu mashine nzuri, au ardhi, au bahati yake, wakati mwizi amekaa ndani ya kasha la betri.

Kwanza, isome mashine yako

Kabla hujaenda dukani, fungua kasha la betri. Angalia mambo matatu: ukubwa wa betri, idadi yake, na maandishi yaliyomo ndani au kwenye kitabu cha mashine kuhusu aina inayoruhusiwa.

Mashine nyingi za mkono hula AA, zile ndogo ambazo wengi tunaziita betri za rimoti. Garrett ACE 250, AT Pro na AT Gold hutumia AA nne. Fisher F75 pia nne. Garrett ATX hutumia nane. Minelab Gold Monster 1000 huja na paki yake ya kuchaji pamoja na kasha la AA nane, na hilo ni jambo jema sana kwa mtu anayelala porini. Fisher Gold Bug Pro hula betri moja ya volti 9, ile ya mstatili yenye vichwa viwili juu, na Gold Bug 2 hula mbili. Minelab SDC 2300 yenyewe inataka nne za ukubwa wa C, ambazo vijijini ni adimu kuliko yale mawe makubwa ya tochi. Halafu kuna mashine kama Equinox 800, ambayo betri yake imefungiwa ndani na huchajiwa kwa waya wa USB, na mashine kubwa za familia ya GPX na GPZ zenye paki zao za lithiamu.

Sasa piga hesabu ya volti. Betri zikipangwa mstari mmoja, kichwa cha hii kikigusa mkia wa ile, volti zinajumlishwa. AA nne za alkali ni 1.5 mara 4, yaani volti 6. AA nne za kuchaji za nikeli ni 1.2 mara 4, yaani 4.8. Volti zinajumlishwa, lakini ujazo, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inabeba, kinachoandikwa kwa mAh (miliampea-saa), haujumlishwi. Betri nne za mAh 2000 zikiwa kwenye mstari zinabaki mAh 2000. Nimesikia watu wakijidai wana mAh 8000 ndani ya mashine, halafu wanashangaa zikiisha kabla ya jioni.

Tofauti hiyo ya 6 na 4.8 huwatisha wengi. Wakiweka betri za kuchaji zilizojaa, alama ya betri kwenye skrini inaonyesha robo tatu tu, wanadhani wameuziwa mbovu. Sivyo. Alama ile imepimwa kwa alkali. Mashine nyingi za kisasa zina kidhibiti volti ndani, kazi yake ni kuipa sakiti volti ileile bila kujali betri imeshuka kiasi gani, mpaka ifike kiwango ambacho kidhibiti hakiwezi tena. Ndiyo maana katika mashine hizo kina cha kuona hakipungui polepole pamoja na betri. Kinabaki kilekile, halafu mwishoni mambo yanaharibika kwa pamoja: sauti inadhoofu, mvumo wa msingi (ile sauti ndogo isiyokatika unayoisikia mashine ikiwa imetulia) unayumba, milio ya uongo inaongezeka. Mashine za zamani zisizo na kidhibiti kizuri ndizo hupoteza nguvu taratibu.

Pili, jua inakula kiasi gani

Hapa ndipo uamuzi ulipo, na wengi wanaparuka. Chukua seti ya betri za kuchaji unazoziamini, zijaze kabisa, iwashe mashine asubuhi na uitumie kama kawaida yako, huku ukiandika saa. Onyo la betri likitokea, hesabu. Ukigawa ujazo kwa saa unapata mlo wa mashine. Betri za mAh 2000 zikidumu saa 20, mashine inakula kama miliampea 100. Zikidumu saa 4, inakula kama 500.

Mashine za kawaida za masafa, zinazotuma wimbi lisilokatika, hula kidogo. Mashine za mapigo, zile zinazopiga umeme kwa mishtuko ili kuvumilia ardhi yenye chuma, hula sana. Spika inakula kuliko hedifoni, na taa ya skrini inakula mchana kweupe bila faida yoyote. Kuvaa hedifoni na kuzima taa ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote ya kurefusha siku yako, na masikio yako yatashika milio midogo ambayo spika inaimeza.

Andika namba yako. Kuanzia hapa kila ushauri unategemea kama mashine yako ni mlaji mdogo au mkubwa.

Aina za betri, na herufi zinazozitambulisha

Betri nyingi za kawaida zina herufi ndogo za kimataifa zilizochapwa pembeni. Ukizijua, rangi za karatasi na maneno ya sifa hayakubabaishi. Kwa ukubwa wa AA, R6 bila herufi ya mbele ni zinki na kaboni. LR6 ni alkali. HR6 ni nikeli ya kuchaji. FR6 ni lithiamu isiyochajiwa. Kwa ukubwa wa C namba ni 14, hivyo LR14. Kwa mawe makubwa ya D ni 20.

Zinki na kaboni ndiyo betri tuliyokulia nayo, ile ya redio na tochi, ambayo bibi zetu waliianika juu ya bati au wakaing'ata kidogo ili taarifa ya habari ya saa mbili usiku isikatike. Kuanika kulifanya kazi kidogo kweli, kwa sababu joto huharakisha kemikali iliyobaki. Lakini betri hii ina sehemu ndogo tu ya ujazo wa alkali, volti yake inaporomoka mapema, na kopo lake ni zinki yenyewe inayoliwa kadiri betri inavyotumika, ndiyo maana huvuja. Isiingie ndani ya detekta. Vitabu vya baadhi ya mashine za Fisher vinasema hivyo waziwazi: alkali tu, zinki na kaboni hapana. Na tafadhali, ile desturi ya kuanika isihamie kwenye betri za kuchaji wala za lithiamu. Kwa hizo jua ni adui.

Alkali ni betri nzuri kwa mlaji mdogo. Ikitolewa umeme polepole, AA moja hutoa kama mAh 2500 au zaidi. Ila ina tabia moja ambayo karatasi yake haikwambii: ukiivuta kwa nguvu, ujazo unapungua. Kwenye miliampea 500 AA ileile hutoa kama 1500 tu. Kwa hiyo kwenye mashine ya miliampea 100 alkali inafaa kabisa, na kwenye mashine ya mapigo unatupa fedha. Volti yake pia hushuka mteremko tangu dakika ya kwanza, kutoka 1.6 hadi 1.0 na chini. Mimi huiweka kama akiba, kwa sababu inakaa miaka kwenye begi bila kupoteza nguvu na inapatikana hata mahali ambapo hakuna umeme.

Nikeli ya kuchaji, inayoandikwa NiMH, ndiyo ninayomshauri karibu kila mtu mwenye mashine ya AA au C. Volti yake 1.2 inaonekana ndogo, lakini inakaa palepale kwa sehemu kubwa ya safari kisha inaanguka mwishoni. Detekta inapenda utulivu huo. Ukiivuta kwa nguvu haipotezi ujazo kama alkali. Nunua zile zisizojimaliza zenyewe zikiwa kabatini. Eneloop, iliyoanza kutengenezwa na Sanyo mwaka 2005 na sasa ikiwa chini ya Panasonic, ndiyo iliyolitangaza jambo hilo, na leo kampuni nyingine kadhaa zinatengeneza za aina hiyo. Kwenye karatasi tafuta maneno yanayosema zinauzwa zikiwa tayari na chaji. Ujazo wa 1900 hadi 2100 ndio wa kudumu. Zipo za 2500, nazo ni halali, lakini kwa kawaida huvumilia kuchajiwa mara chache zaidi.

Lithiamu isiyochajiwa, FR6, ni nyepesi kama gramu 15, haivuji kirahisi, na inavumilia joto hadi nyuzi 60. Kwa safari ya wiki mbili mbali na umeme ni kitu cha thamani, ukiweza bei yake. Angalizo moja: ikiwa mpya inasoma karibu volti 1.8 kabla ya kubebeshwa mzigo. Nne ni 7.2, nane ni 14.4. Soma kitabu cha mashine kwanza.

Kisha kuna betri mbili zinazofanana na AA ambazo zimewaponza watu. Ya kwanza inaitwa 14500. Kimo na unene ni vilevile vya AA, inaingia vizuri kabisa, lakini ni lithiamu ya volti 3.7. Nne zake ni karibu volti 15 mahali palipotakiwa 6. Usijaribu.

Ya pili ni lithiamu ya kuchaji iliyoandikwa 1.5V, mara nyingi ikiwa na tundu la USB kwenye mwili wake. Ndani ina betri ndogo ya 3.7 na sakiti inayokata umeme mara maelfu mengi kwa sekunde ili kuushusha hadi 1.5. Kwa rimoti au mchezo wa mtoto haina neno. Kwa detekta, ambayo kazi yake yote ni kusikia wimbi dogo la umeme kutoka ardhini, kukatakata huko kunaweza kuingia kama kelele. Kuna mashine zinazolivumilia na zipo zisizoweza. Ukitaka kujua ya kwako, simama mahali pamoja mbali na nyaya za umeme, weka usikivu juu, sikiliza mvumo ukiwa na nikeli, kisha badilisha uweke hizo bila kugusa kitu kingine. Masikio yatakujibu. Pia zinashika 1.5 mpaka dakika ya mwisho, hivyo skrini itakuonyesha imejaa, halafu mashine inazima ghafla ukiwa kilomita tatu kutoka kambini.

Za volti 9

Betri hizi ni dhaifu kuliko umbo lake. Alkali ya volti 9 ina kama mAh 500, kwa sababu ndani ni vijibetri sita vidogo vilivyopangwa mstari. Walinzi wengi wanaopitisha fimbo ya kukagulia watu mlangoni, iwe kwenye jengo la maduka Nairobi au kanisani Dar es Salaam, wanaijua betri hii. Fimbo kama Garrett Super Scanner hutumia moja.

Ukitaka ya kuchaji, geuza uisome. Zipo za nikeli zilizoandikwa 7.2V, zenye vijibetri sita, na nyingine 8.4V, zenye saba. Zote zinauzwa kwa jina la "volti 9". Kwa detekta chukua 8.4, maana 7.2 inaanza safari ikiwa tayari karibu na mstari wa onyo. Ujazo wake ni kama mAh 200, chini ya nusu ya alkali, hivyo nunua tatu au nne. Ya zinki na kaboni hapa huandikwa 6F22, na alkali ni 6LR61.

Usiweke betri ya volti 9 mfukoni pamoja na sarafu au funguo. Vichwa vyake viwili viko jirani, kipande kidogo cha chuma kinaviunganisha, na suruali inaweza kuwaka. Funika vichwa kwa utepe.

Mashine zenye paki ya lithiamu

Hapa sina maneno mengi: nunua paki ya mtengenezaji wa mashine, au usinunue. Ndani ya paki kuna sakiti ya ulinzi inayozuia betri isichajiwe kupita kiasi na isikaushwe kupita kiasi. Paki feki huipunguza au huiondoa, na mashine zenyewe za GPX zimewahi kughushiwa kwa wingi kwa ajili ya soko la Afrika, sembuse betri zake. Usikubali fundi akuunganishie betri ya volti 12 ya pikipiki kwenye mashine ya volti 7. Nimeona sakiti iliyoungua kwa njia hiyo. Bei ya kuitengeneza ilikuwa karibu na bei ya mashine.

Mashine ya kuchaji kwa USB inaweza kubeba pawabanki kwa siku ndefu. Kausha kwanza tundu la kuchajia. Kama utatembea nayo huku ikichaji, fanya lile jaribio la mvumo nililoeleza, kwa sababu pawabanki nyingine zina kelele zake.

Ndugu zetu wanaonunua mashine Dubai na kurudi nazo kwa ndege wajue sheria ya lithiamu. Betri ya akiba inakwenda kwenye begi la mkononi, haiingii kwenye mzigo wa chini ya ndege. Hadi wati-saa 100 kwa kawaida inapita bila kibali. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Kama paki haikuandikwa wati-saa, zidisha volti kwa ampea-saa: ya 7.4V na 9Ah ni wati-saa 66.6.

Paki iliyovimba ni kazi iliyokwisha. Usiitoboe, usiichaji tena, usilale nayo ndani ya hema. Iweke nje juu ya mchanga mbali na nyasi kavu hadi utakapoipeleka kwa watu wanaopokea taka za namna hiyo mjini.

Mizani na multimita: kukamata betri feki

Sisi tuna bahati moja ambayo mnunuzi wa kawaida wa betri hana. Tunatembea na mizani inayosoma sehemu ya gramu. Itumie dukani. AA ya alkali: gramu 23 hadi 24. Nikeli ya 2000: kama 26 au 27, na za ujazo mkubwa hufika 30. Zinki na kaboni: 15 hadi 19. Lithiamu FR6: 15. Betri iliyoandikwa LR6 ikapima 16 si alkali, hata kama karatasi inang'aa.

Kwa ukubwa wa C na D udanganyifu ni mkubwa zaidi. Nikeli ya kweli ya C ina mAh 4000 na kuendelea, na inapima kama gramu 80. Wapo wanaouza kopo la C ambalo ndani yake ni AA moja iliyozungushiwa plastiki. Ukilishika tu linakuwa jepesi. Mwenye SDC 2300 alijue hili, kwa kuwa mashine yake ni mlaji mkubwa, na AA iliyovalishwa koti la C itamwacha njiani kabla jua halijapanda.

Angalia pia namba zisizowezekana. AA ya nikeli haizidi kwa kweli 2700 au 2800. Ukiona 3800 au 5000, rudisha. Betri ya lithiamu ya 18650, ile ya tochi za kichwani, kwa kawaida haizidi 3500 na hupima kama gramu 45 hadi 48. Iliyoandikwa 9900 nimewahi kuipima gramu 30. Na betri za lithiamu za 1.5V hupenda kuandika mWh badala ya mAh ili namba iwe kubwa. Gawa kwa 1.5: mWh 3000 ni mAh 2000.

Baada ya mizani, multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi. Kupima volti ya betri isiyobebeshwa kitu kunadanganya, maana hata betri iliyochoka husoma vizuri ikipumzika. Nenda kwa fundi redio, nunua rezista ya omu 10 yenye nusu wati. Ishikize kwenye vichwa viwili vya AA, na huku imeshikwa soma volti kwa sekunde tano. Hapo betri inatoa kama miliampea 150. Alkali mpya inabaki juu ya 1.4. Nikeli iliyojaa inabaki juu ya 1.25. Ikiporomoka hadi 1.1 wakati bado mpya, haifai. Kwa betri ya volti 9 tumia omu 100 ya wati moja. Jambo moja la hatari: multimita ikiwa kwenye alama ya ampea usiigusishe moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Utaunguza fyuzi, au multimita yenyewe.

Ukishapata seti nzuri, ipe jina. Chukua kalamu ya wino usiofutika, andika A kwenye zote nne, seti inayofuata B. Seti isiachane maisha yake yote: ichajiwe pamoja, itumike pamoja. Sababu yake ni hii. Betri dhaifu kwenye mstari huisha kwanza, lakini wenzake bado wana nguvu, nao wanaendelea kusukuma umeme kupitia kwake mpaka volti yake inageuka kinyume. Inaharibika zaidi, na safari inayofuata inaisha mapema zaidi. Kuchanganya mpya na kuukuu, au alkali na nikeli, ndiyo njia ya haraka ya kuua betri zote nne.

Kuchaji kambini

Chaja iwe ile inayochunga kila betri peke yake, yenye taa moja kwa kila tundu. Zile zinazochaji mbili mbili haziwezi kujua kwamba moja imejaa na nyingine bado. Muda ni hesabu rahisi: ujazo gawa kwa mkondo wa chaja, kisha ongeza kama robo kwa upotevu. mAh 2000 kwa chaja ya miliampea 500 ni saa 5 hivi. Betri kuwa vuguvugu mwishoni ni kawaida. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, chaja haijui kusimama, itupe.

Tatizo la sola kwa mtafutaji ni kwamba jua linawaka wakati betri zako ziko porini pamoja nawe. Kuna njia mbili. Uwe na seti mbili, A inafanya kazi na B inachajiwa kambini kivulini, waya ukitoka kwenye paneli iliyo juani. Au paneli ijaze betri ya volti 12 mchana, nawe uchaji usiku. Mahitaji si makubwa: AA nane za 2000 ni wati-saa 19, na pamoja na upotevu fanya 30. Paneli ya wati 20 kwenye siku ya jua la kiangazi inatosha na chenji inabaki ya simu. Usichaji betri iliyotoka kupigwa na jua. Iache ipoe kwanza, hasa lithiamu, ambayo haitakiwi kuchajiwa ikiwa juu ya nyuzi 45.

Kuhusu gharama, piga hesabu kwa saa za kazi. Tuseme seti ya alkali ni shilingi 6,000, mashine yako inaimaliza kwa saa 20, nawe unafanya kazi saa 40 kwa wiki. Hizo ni shilingi 12,000 kwa wiki. Nikeli nane na chaja nzuri, tuseme 90,000, zimejilipa kabla ya mwezi wa pili kwisha, na zina miaka mbele yake. Weka bei za kwenu uone.

Porini

Asubuhi weka betri, iache mashine dakika chache, kisha ndipo uisawazishe na ardhi, yaani uirekebishe ipuuze madini ya udongo wa hapo. Ukibadilisha betri katikati ya siku, sawazisha upya.

Milio ya ovyo ikianza, usikimbilie kupunguza usikivu kama nilivyofanya mimi. Badilisha betri kwanza. Ni kazi ya dakika moja, na inakupa jibu moja la hakika. Mlio ukiendelea, ndipo uangalie waya wa koili (lile duara la chini unalopitisha juu ya ardhi), kisha nyaya za umeme zilizo karibu, simu mfukoni, kisha ardhi.

Betri za akiba zibebe mgongoni juu, ndani ya kikasha cha plastiki. Makopo yake ni ya chuma, ukiziweka kwenye mfuko wa paja karibu na koili utachimba suruali yako mwenyewe.

Ukimaliza msimu, toa betri zote ndani ya mashine. Nikeli ihifadhiwe ikiwa na chaji, lithiamu ikiwa karibu nusu, zote mahali penye ubaridi. Ukikuta alkali imevuja, ule unga mweupe ni wa besi. Vaa glavu, pangusa kwa pamba iliyochovywa siki au maji ya limau, kisha kwa spiriti, uache ikauke kabisa kabla ya kuweka betri mpya. Springi ikiwa na kutu ya kijani, isugue kwa kifutio cha penseli, maana msasa unaondoa ngozi ya juu ya chuma na kutu hurudi upesi.

Zilizokufa zibebe urudi nazo. Mara ngapi tumechimba futi moja kwenye udongo mgumu, kwa mlio mtamu wa kati, tukatoa kopo la betri lililooza ambalo mtafutaji mwenzetu alilifukia miaka iliyopita? Mimi nina debe la plastiki lenye mfuniko kambini kwa ajili yake, na likijaa hushuka na gari la mahitaji hadi Mbeya.